Sekunde ya Tisa

Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya Mama Veroni,
kushoto kwa tromboni,
nikisema "aa" pale anaposema "moyo",
nikisema "oo" pale anapovuta pumzi.
Gauni ni la kukodi. Mgongoni lina pini saba,
moja hunichoma kila nikifika juu,
na watu husema: Kabedi huyu anaimba kwa uchungu.

Tarumbeta nne, tromboni tatu, saksafoni tano.
Wazee wanaozipuliza walitoka katika bendi ya kampuni,
enzi kampuni ilipokuwa na bendi,
na hospitali, na maziwa ya watoto.
Papa Donati bado huanzisha wimbo
kama msimamizi anayehesabu watu wa zamu ya usiku:
moja, mbili, nani hayupo?
Mazoezi ni Kamalondo, nyuma ya karakana ya majeneza.
Fundi hupiga nyundo nje kidogo ya mdundo.
Papa Donati humlaani, kisha humwomba gundi
ya kuziba saksafoni.

Mvua za kwanza zilipoanza, Bwana Fideli wa redio alinipigia simu.
Nikajua: ndiyo hii.
Nikasuka nywele kwa deni. Nikanywa tangawizi siku tatu.
Nikapanda pikipiki mpaka mjini, shingo nimeifunga kitambaa,
siongei na mtu, kama niliyebeba yai mdomoni.
Akanipa karatasi. Mstari mmoja:
*Unga Tausi, bukari inasimama yenyewe!*
Sekunde nane. Dola ishirini na mfuko wa kilo kumi.

Nikauliza, na ubeti wa pili?
Alicheka mpaka miwani ikashuka puani.
Mama, unga hauna ubeti wa pili.

Sasa niko kila mahali.
Katuba niko, Kenya niko, sokoni niko juu ya mizani,
kwa kinyozi, kwa muuza vocha,
kabla ya matangazo ya vifo na baada yake.
Watoto wa jirani hunipokea mlangoni: inasimama yenyewe!
Mwenye nyumba hudai kodi kwa sauti hiyo hiyo, yangu.
Jina langu hakuna alijuaye. Unga una jina.

Nimepima. Sekunde nane ni fupi
kuliko Papa Donati anavyokohoa kabla ya kupuliza,
fupi kuliko Mama Veroni anavyoshuka ngazi mbili za jukwaa
tangu magoti yalipomchoka.

Jumamosi, arusi, Kampemba. Wageni mia nne, sahani zinagongana.
Mama Veroni ameenda kujinyoosha garini.
Mtu wa meza ya nyuma, mdomo umejaa, akapaza:
Unga! Atuimbie ule wa unga!
Ukumbi ukacheka, ukapiga meza.
Nilimtazama Papa Donati. Nilitaka anikatalie.
Mzee akafuta mdomo wa tarumbeta kwa tai yake
akahesabu taratibu, taratibu mno,
kama anayesindikiza maiti ya mtu mkubwa:
moja.
mbili.
nani hayupo?

Nipo, nikasema, ndani ya maikrofoni. Sikukusudia.

Zikaingia zote kumi na mbili.
Sijawahi kusikia unga ukibebwa namna ile,
tromboni chini, nzito, kama mkono unaosonga,
saksafoni zikipanda mvuke.
Nikaimba mstari wangu. Nane zikaisha.
Redioni hapo huja bei ya dizeli.
Hapa hakikuja kitu. Papa Donati hakukata.
Pini ikanichoma.

Nikafungua kinywa na ya tisa ikatoka,
haina maneno bado,
ina tu mama yangu akisonga bukari saa kumi alfajiri
kwa baba wa zamu, mwiko ukigonga sufuria
nje kidogo ya mdundo.
Kisha ya kumi. Kisha nikaacha kuhesabu.

Meza ya nyuma waliendelea kula.
Bwana arusi alikuwa anatafuta kiatu.
Lakini msichana mmoja wa kuhudumu alisimama katikati ya ukumbi,
mchuzi unapoa mikononi mwake.
Huyo nilimwona.

Jumatatu narudisha gauni. Pini sita.
Ya saba wataniuliza.